Kupungua Bila Njaa: Mafunzo Niliyopata Baada ya Kupona Bulimia

Wanaojua kwamba niliwahi kuugua bulimia hudhani habari iliishia pale nilipoacha kutapika. Haikuishia pale. Niliacha, nikapona, nikaolewa, nikazaa, nikanenepa, na hatimaye nikajikuta kliniki ya presha naambiwa nipunguze uzito. Daktari alisema huku akiandika, hata hakuinua macho. Kwake lilikuwa agizo la kila siku. Kwangu lilikuwa sawa na kumwambia mlevi aliyeacha pombe kwamba dawa yake ni kikombe kidogo cha mnazi kila jioni.

Kwa asiyeujua, bulimia ni ugonjwa wa ulaji. Mtu hula chakula kingi mno kwa muda mfupi, akiwa ameshindwa kabisa kujizuia, kisha hutafuta namna ya kukifuta: kutapika, dawa za kuharisha, kufunga kula, au mazoezi ya kujiadhibu. Daktari wa magonjwa ya akili Gerald Russell ndiye aliyeueleza na kuupa jina kitaalamu, London, mwaka 1979. Mwenye ugonjwa huu si lazima awe mwembamba. Wengi wana mwili wa kawaida au ni wanene, ndiyo maana mama mzazi anaweza kulala nyumba moja naye miaka na asijue. Aliyenigundua mimi alikuwa daktari wa meno. Asidi ya tumboni hula meno ya juu ya mbele kwa upande wa ndani, na mwenye kuyajua meno haulizi mara mbili.

Katika makala haya sitataja kilo nilizokuwa nazo wala nilizopunguza. Nilipokuwa mgonjwa nilisoma simulizi za waliopona kwa ajili ya tarakimu tu, nikajilinganisha nazo, nikaziacha habari nyingine zote. Anayesoma hivyo leo hatapata kitu hapa.

1. Jiulize ni nani hasa anayetaka upungue

Kabla sijabadilisha hata kijiko cha sukari nilirudi kwa mwanasaikolojia aliyenitibu. Aliniuliza swali moja: “Kama presha yako ingeshuka bila uzito kupungua hata kidogo, ungeridhika?” Nilitafuta jibu nikalikosa. Akaniambia basi tusubiri.

Tukaanza na presha yenyewe. Chumvi ilipungua, kwanza ile ya mezani na vile vibonge vya mchuzi ninavyovipenda kuliko ninavyotaka kukiri. Nikaanza kutembea. Vidonge nikavimeza kama nilivyoandikiwa. Kutembea kwa kasi na kupunguza chumvi hushusha presha hata kama mizani haijasogea, na hilo halisemwi vya kutosha kliniki. Nilipofika mahali pa kujibu lile swali kwa “ndiyo” bila kujilazimisha, ndipo tukazungumza habari ya uzito.

Sababu nyingine zote nilizokuwa nazo zilikuwa za sherehe. Kitchen party ya wifi, sare ya send-off, fundi aliyeshika futi akaguna. Sababu ya sherehe ina tarehe, na chenye tarehe huleta haraka. Mtu mwenye historia yangu akishikwa na haraka, anajua njia ya mkato iko wapi, tena anaijua gizani.

2. Adui ni njaa, si chakula

Mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ikiwa bado inaendelea, mtaalamu wa fiziolojia Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua vijana 36 wenye afya njema. Walikuwa wamekataa kushika silaha kwa sababu za dini na dhamiri, wakajitolea kupunguziwa chakula chao kwa muda wa miezi sita, ili wataalamu wajue namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa kwa sababu ya vita. Walipewa mikate, viazi, makaroni na mboga za mizizi, karibu nusu ya walichozoea kula.

Hakuna hata mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa ulaji. Lakini miezi haikupita mingi wakaanza kuota chakula usiku na kukizungumza mchana kutwa. Walikusanya vitabu vya mapishi wasivyokuwa na jiko la kuvitumia. Walilamba sahani. Walitafuna bigijii mfululizo, wakanuna, wakajitenga na wenzao. Na jaribio lilipokwisha, baadhi yao walikula hadi wakaumwa na bado wakasema hawajashiba.

Mwanasaikolojia wangu alinisimulia kisa hicho kama anayesoma habari zangu. Yale niliyokuwa nimeyaita ulafi, udhaifu, hata shetani, wale vijana waliyapata kwa kunyimwa chakula tu. Kwa hiyo mpango wangu wa kupungua ulianza na sharti la kushangaza: nisikae zaidi ya saa nne bila kula nikiwa macho. Utaratibu huo wa milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu kwa saa zinazojulikana ndio msingi wa tiba ya bulimia aliyoiendeleza Christopher Fairburn wa Oxford. Niliutumia kupona. Sikuona sababu ya kuuacha wakati wa kupungua.

Saa moja asubuhi, chai ya maziwa, mihogo ya kuchemsha au viazi vitamu, na yai. Saa nne, ndizi na karanga. Saa saba, wali, maharage, mchicha, kipande cha samaki kikiwepo. Saa kumi, uji au embe. Saa mbili usiku, ugali, dagaa na matembele. Jirani yangu niliyemwelezea mpango huu alicheka: “Hivyo ndivyo unavyotaka kupungua, kwa kula mara tano?” Ndivyo nilivyopungua. Kilichotoweka ni kile nilichokuwa nakila usiku wa manane nimesimama mbele ya sufuria, kwa sababu mchana kutwa nilishinda na chai ya rangi na kikao. Soda nazo zilipungua, na sukari kwenye chai, lakini hizo ni ndogo. Njaa ya mchana ndiyo iliyokuwa ikininenepesha usiku.

Ilikwenda polepole mno. Kuna miezi haikwenda kabisa. Mtaalamu wangu alifurahi kwa hilo. Mimi sikufurahi mara zote.

3. Ramadhani ina ruhusa yake, na ruhusa nayo ina mtihani wake

Mimi ni mtoto wa Tanga na nyumbani kwetu saumu haijadiliwi. Sasa tazama ratiba ya mwezi mtukufu kwa macho ya mtu aliyeugua bulimia: kutwa nzima bila kula, kisha magharibi meza imejaa tambi, kaimati, sambusa, katlesi, magimbi ya nazi, uji wa pilipili manga, na kila mtu anakuhimiza ule. Kushinda njaa kisha kula sana kwa mpigo mmoja ndio mzunguko wa ugonjwa wenyewe. Kwa mwenye afya hii ni ibada na furaha. Kwangu ilikuwa mlango.

Qurani, katika sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Kila mmoja nyumbani analijua hilo, kwa kisukari, kwa vidonda vya tumbo, kwa mjamzito. Lakini ugonjwa usioonekana unahitaji kuombewa ruhusa mara nyingi zaidi. Nilikwenda kwa sheikh wa mtaani kwetu nikiwa na maelezo ya daktari. Nilikuwa nimejiandaa kwa mawaidha marefu. Yeye aliuliza kama daktari ana hakika, nikasema ana hakika, akaniambia nisifunge maadamu kuna hatari hiyo, nitoe fidya kwa kumlisha maskini, na nisijitie kwenye madhara kwa kuogopa watu. Mazungumzo yote hayakumaliza kikombe cha kahawa.

Mtihani ulikuja baadaye. Asiyefunga kwa udhuru, kwetu Pwani, anakula kwa kujificha, kwa heshima ya waliofunga. Na mimi miaka yangu yote ya ugonjwa nilikuwa mtu wa kula kwa kujificha. Chumbani, mlango umefungwa, sauti ya karatasi ikibanwa isisikike. Ruhusa niliyopewa na dini ikanirudisha katika kile chumba. Siku ya tatu ya mwezi nilihisi mikono inakwenda haraka kuliko mdomo, nikajua.

Nilimwambia mama. Mama alikuwa amefunga, na hakuwa amewahi kunisikia nikilitaja jambo hili kwa jina. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi saa saba nitakuja kukaa na wewe.” Akawa anakuja chumba cha uani na tasbihi yake, anakaa mkekani, mimi nakula wali wangu polepole kwenye sahani. Hakunitazama sahani wala hakuhesabu matonge. Alisimulia habari za watu wa Chumbageni na za bei ya nazi. Ramadhani hiyo ilipita salama na sijawahi kutafuta mpango mwingine.

Namheshimu kila anayefunga kwa dini, Ramadhani au Kwaresima. Ila ule mtindo wa siku hizi wa kufunga saa kumi na sita ili kupungua, unaosambazwa na vijana wenye vifua vipana kwenye simu, usimkaribie mtu aliyewahi kuwa na ugonjwa wa ulaji. Nasema hivyo bila kupunguza makali.

4. Kula na watu, ikiwezekana kwenye sinia

Nilipokuwa mgonjwa nilijua kalori za kila kitu. Nilipopona nilizisahau kwa juhudi, na nilipoanza kupungua kila mtu mwenye nia njema alinishauri nipakue programu ya kuzihesabu. Nilikataa. Sinia ndilo lililonisaidia.

Pilau la kwenye sinia halihesabiki. Mnakaa wanne au watano, kila mtu na upande wake, mkono wako unaona mikono ya wengine. Huwezi kula mbio kwa sababu shangazi yako anakula taratibu na anazungumza. Huwezi kusukuma nyama pembeni ukajifanya umekula. Na mtu akikusogezea kipande upande wako, umesogezewa. Kuna kuachiana, kuna kubakiza, kuna anayenawa mapema kwa kuwa ameshiba. Nilijifunza upya kushiba kwa kuwatazama watu ambao hawajawahi kukosana na chakula.

Hapo hapo niliacha habari ya vyakula vilivyokatazwa. Kwa mujibu wa dini vipo vya haramu na hivyo sina matatizo navyo. Lakini chipsi mayai si haramu, chapati si haramu, wala urojo. Kila nilipokiweka chakula fulani kwenye orodha ya “sitagusa tena”, chakula hicho ndicho kilichonijia kichwani usiku. Sasa chipsi mayai nala mchana, mezani, na mtu, pamoja na kachumbari, na nikimaliza nimemaliza. Niligundua pia kwamba kuongeza ni rahisi kuliko kuondoa. Mboga za majani zikijaa nusu ya sahani, wali unapungua wenyewe bila ugomvi.

Wanaoishi peke yao watasema hawana sinia. Ni kweli, na mapendekezo yangu kwao si mazuri sana: mpigie mtu simu mle pamoja kila mmoja kwake. Inaonekana kama mchezo, lakini rafiki yangu mmoja aliyeko Muscat ndivyo anavyofanya na dada yake wa Unguja.

5. Mizani ikae kliniki

Dar es Salaam mizani inakufuata barabarani. Ukipita stendi kuna kijana na mashine yake yenye spika, inakukaribisha upime uzito na urefu kwa shilingi chache, na majibu wanayasikia hata waliopanga foleni ya daladala. Napita mbali.

Nyumbani hakuna mizani. Kliniki muuguzi ananipima nikiwa nimegeukia ukutani, anaandika kwenye faili, hasemi. Ilibidi nimweleze mara ya kwanza, na aliniona wa ajabu. Mara ya pili yeye mwenyewe aliniambia, “Geuka, dada.” Uzito wa mwili unapanda na kushuka kwa maji, kwa chumvi ya jana, kwa siku za hedhi, na mtu mwenye ugonjwa wetu huyasoma maji hayo kama hukumu.

Ile hesabu ya uzito kwa urefu iliyobandikwa ukutani kila kliniki nayo ina historia yake. Iliasisiwa miaka ya 1830 na Adolphe Quetelet, mwanatakwimu na mwanafalaki wa Ubelgiji aliyekuwa akitafuta sifa za mtu wa wastani katika jamii, si kumtibu mgonjwa aliyeketi mbele yake. Jina lake la leo la kitaalamu lilitolewa mwaka 1972 na watafiti wakiongozwa na Ancel Keys, yule yule wa vijana 36. Ni nzuri kwa kupima makundi ya watu. Mimi si kundi la watu.

Vipimo vyangu ni presha, ngazi za ofisini kama nazipanda bila kusimama, magoti wakati wa kusujudu, na kingine nisichowahi kukiona kwenye bango lolote: leo nimefikiria chakula mara ngapi nisipokuwa na njaa?

6. Chai za kupunguza tumbo ni za kuharisha tu

Zinauzwa Kariakoo, zinauzwa kwenye status za WhatsApp, zina picha ya kiuno chembamba. Nyingi zina sanamaki, ambayo bibi zetu walijua ni dawa ya kufungua choo na waliitumia kwa siku moja, si kwa miezi. Dawa za namna hii hufanya kazi kwenye utumbo mpana, na huko chakula kinafika wakati utumbo mwembamba umeshanyonya karibu nguvu yake yote. Unachopoteza ni maji na madini, hasa potasiamu. Mizani inashuka asubuhi, ukinywa maji inarudi. Potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo yanavurugika, na mtu anaweza kufa akiwa kijana, akiwa hana alama yoyote usoni.

Rafiki akikuuzia, mnyime hela.

7. Mazoezi yasilipe deni

Natembea na jirani yangu baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali na kabla bodaboda hazijajaa. Asipokuja, naweza kwenda au nisiende. Sivai saa ya kuhesabu hatua. Jana nikiwa nimekula biriani harusini, leo natembea umbali ule ule, si zaidi. Pindi nikijikuta napiga hesabu ya biriani barabarani, narudi nyumbani kunywa chai.

8. Watu watausemea mwili wako, andaa jibu

Kwetu salamu hupitia mwilini. “Umenona, maisha yamekukubali!” ni sifa. “Mbona umekonda, unaumwa?” ni huruma. Hakuna ubaya moyoni mwa anayesema, na ukimnunia utakuwa wewe ndiye mwenye kiburi.

Lakini kukonda Afrika Mashariki kuna kumbukumbu nzito. UKIMWI ulipoingia Rakai, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu waliuita Slim kwa jinsi ulivyowakausha wagonjwa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa Kagera. Kizazi cha mama yangu kiliwaona vijana wakikonda wakizikwa, kwa miaka, kabla dawa za kufubaza virusi hazijafika. Kwa hiyo nguo zangu zilipoanza kulegea, shangazi alinivuta pembeni msibani akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepima. Nilimjibu nimepima, niko salama, nafuata ushauri wa daktari kwa ajili ya presha. Akashika mkono wangu akasema alhamdulillahi, akaenda zake kugawa kahawa. Swali lake halikunidhuru hata kidogo.

Lililokuwa na hatari ni la mwenzangu ofisini: “Umependeza! Ongeza kidogo tu hapo.” Nilikwenda nalo nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo. Kwa mtu kama mimi sifa ya kukonda ina nguvu kuliko tusi la unene. Siku hizi ninalo jibu moja kwa wote, la sifa na la huruma: “Tunamshukuru Mungu, na nyumbani hawajambo?” Mswahili akiulizwa habari za nyumbani hawezi kuendelea na kiuno chako, lazima akujibu kwanza.

Wapo pia wanaosema bulimia ni ugonjwa wa Wazungu, wa kina Princess Diana wa Uingereza, ambaye aliusema mwenyewe kwenye televisheni ya BBC mwaka 1995. Mwaka huo huo televisheni ilifika katika jimbo la Nadroga, Fiji, nchi ambayo kama kwetu Pwani iliusifia mwili ulionona na kumhimiza mgeni ale. Mtafiti Anne Becker wa Harvard aliwahoji wasichana wa shule wakati televisheni ikianza kuingia. Hakuna aliyesema kwamba hujitapisha ili apungue. Mwaka 1998 aliwahoji wasichana wengine wa huko huko, na asilimia 11.3 wakasema hufanya hivyo. Kusifia unene, basi, hakumkingi msichana. Na sisi tuna simu mkononi, si televisheni moja ya kijiji.

9. Andika mapema, ukiwa mzima, lini utasimama

Kabla ya kuanza tuliandika dalili kwenye daftari, mwanasaikolojia, mume wangu na mimi, na mume akabaki na nakala. Kukwepa mialiko. Kula peke yangu kwa kisingizio. Kukaa bafuni baada ya chakula. Kujua uzito wangu. Kuruka mlo na kuona fahari. Hedhi kukosa mwezi. Tulikubaliana zikionekana mbili kwa pamoja mpango wote wa kupungua unasimama, narudi kula kawaida, na simu inapigwa kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Uamuzi huo si wangu peke yangu, kwa sababu kichwa kilichoanza kuugua kina ufasaha wa ajabu wa kujitetea.

Baba mkwe alipofariki zilionekana. Wiki za msiba, usingizi mdogo, watu wengi, chakula cha sufuria kubwa saa zisizojulikana. Mume wangu alileta daftari jioni moja, akaliweka mezani bila hotuba. Nilikasirika kweli kweli, kisha nikapiga simu. Mpango ulisimama kwa miezi kadhaa, na uzito ukarudi sehemu. Tulipoanza tena tulianzia pale tulipokuwa.

Sijafika uzito wa kwenye bango la kliniki na sitafika. Kupungua kidogo tu, kukidumu, kunatosha kushusha presha kwa watu wengi, na kwangu kulitosha: daktari amepunguza dozi ya vidonge na ameacha kuniambia habari ya kilo. Magoti yanasujudu.

Wewe ambaye bado unatapika, au unakunywa chai zile, au unashinda njaa kisha unakula usiku mlango umefungwa, makala haya si mpango wako, usiyatumie kupungua. Habari ya uzito iweke kando kabisa kwa sasa. Nenda hospitali yenye idara ya afya ya akili. Dar es Salaam, Muhimbili ipo. Ukiingia kwa daktari yeyote mwambie “natapika” au “naharisha kwa dawa” kabla hajakupandisha kwenye mizani, kwa sababu asipoambiwa atakupongeza kwa kupungua. Kisha mwombe vipimo viwili: damu ya kuangalia potasiamu, na kipimo cha umeme wa moyo. Hivyo visisubiri wiki ijayo.